Mbona Mshtarii haina mkia?

Asubuhi ya Jumanne tarehe 1 Oktoba 2024, saa kumi na moja na kitu, nilikuwa nimekaa juu ya ndoo ya rangi niliyoipindua, nyuma ya nyumba hapa Kigombe, hedifoni masikioni, nasikiliza kelele. Kelele tupu. Mshtarii, ile sayari kubwa iitwayo pia Jupita, ilikuwa juu kabisa, imeegemea kaskazini kidogo ya utosi, inawaka kama karabai, na redio hainiletei chochote kutoka kwake. Nilichopata ni mikwaruzo ya radi za mbali, na kitu kilichokuwa kikilia tit-tit-tit ambacho nadhani ni chaja ya simu nyumba ya pili.

Wanaonifahamu wanajua kazi yangu ni redio kol za boti. Nafunga, natengeneza, napanda milingoti. Antena ya Mshtarii ni kazi yangu ya usiku. Ni waya wa shaba wa mita 7 na sentimita 9, umekatwa katikati, umetandazwa baina ya boriti mbili za mkoko, mita tatu na nusu juu ya mchanga. Urefu ule si wa kubahatisha. Ni nusu ya wimbi la megahezi 20.1 ukipunguza kidogo, na hapo ndipo wasikilizaji wengi wa Mshtarii duniani hutega masikio, kwa kuwa pana utulivu kidogo na stesheni si nyingi.

Vijana walikuwa wakiishusha mashua majini. Mmoja akaacha kusukuma, akaja hadi kwenye boriti.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu."

"Shangazi, hebu tazama kule. Ile nyota inatoa moshi."

Nikavua hedifoni. Juu ya bahari, chini kabisa ambako alfajiri ilikuwa inaanza kupauka, palikuwa na nukta ya mwanga na mkia umesimama wima kama mtu amechora kwa chaki kisha akafuta kidogo kwa kidole. Mwezi ulikuwa mwishoni, giza bado lilikuwepo la kutosha. Nilikuwa nimesoma kwamba kometi, yaani nyota ya mkia, Tsuchinshan-ATLAS inakuja, ile iliyogunduliwa 2023 na waangalizi wa China na darubini iliyoko Sutherland, Afrika Kusini. Sikuwa nimeitafuta. Nilikuwa na mawazo ya Mshtarii tu. Tukasimama pale tunaitazama hadi wenzake wakamwita kwa ukali, na kabla hajaondoka akaelekeza kidole juu.

"Na ile kubwa pale, mbona haina mkia?"

Nikamjibu: "Ile ni sayari, mwanangu. Sayari hazina mikia."

Akaenda zake. Mimi nikabaki na jibu langu, na kadiri jua lilivyopanda ndivyo lilivyonikera, kwa sababu si kweli. Ile sayari ina mkia. Ina mkia mrefu kuliko kitu chochote alichopata kukiona yule kijana angani, na sababu ya kutouona ni nzuri mno kuipitisha kwa sentensi mbili ufukweni. Nimemwahidi jibu kamili. Hili hapa, na ninyi wengine lisomeni naye.

Kwanza upepo. Jua linapuliza. Ukisikia "upepo wa jua" usifikirie kusi wala kaskazi. Hakuna hewa kule. Ni plazima, yaani gesi ambayo atomu zake zimevuliwa elektroni, kila kipande kimebaki na chaji ya umeme. Plazima si kitu kigeni: taa ya tyubu ikiwaka, kilichomo ndani ni hicho. Tabia yake kubwa ni kwamba inaitii sumaku, na sumaku nayo inabebwa na plazima. Vimeshikana, kimoja hakiendi bila kingine. Upepo huu unapita hapa tulipo kwa kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde, mwembamba sana, chembe tano hivi katika sentimita moja ya ujazo, na umebeba uzi wa sumaku ya jua umeutandaza kote.

Na tuliujuaje? Kwa mikia ya kometi. Mwaka 1951 Mjerumani Ludwig Biermann alishika jambo ambalo kila mtu alikuwa analitazama: ule mkia mwembamba wa kometi, wa rangi ya samawati, unaelekea upande wa pili wa jua hata kometi ielekee wapi, na mafundo ndani yake yanakimbia kwa kasi ambayo mwanga wa jua peke yake hauwezi kuyasukuma. Akasema kuna kitu kinatoka kwenye jua muda wote. Eugene Parker akaandika hesabu za upepo huo mwaka 1958, na vyombo vya angani vikaja kuupima baadaye. Kabla ya kipimo chochote cha binadamu kufika huko, kometi ilikuwa inapepea kama kitambaa mlingotini.

Hapa lazima nisahihishe kitu. Mkia tuliouona asubuhi ile kwa macho ulikuwa hasa wa vumbi, unang'aa kwa mwanga wa jua. Kometi ina mikia miwili. Wa vumbi ni mpana na umepinda. Wa plazima ni mwembamba na umenyooka, nao ni hafifu kwa macho matupu ingawa kamera huuona vizuri. Ninaouzungumzia kuanzia hapa ni huo wa pili.

Sasa chukua vitu viwili uviweke kwenye upepo mmoja. Kimoja ni Mshtarii, upana wake kilomita 143,000. Cha pili ni kometi Halley, kiini chake kina urefu wa kilomita 15. Kilomita 15 ni mwendo wa kutoka Tanga mjini hadi mapango ya Amboni na kurudi, basi.

Mshtarii ina sumaku yake. Ndani kabisa haidrojeni imebanwa hadi ikawa inapitisha umeme kama chuma, na sayari nzima inajizungusha kwa saa 9 na dakika 55, kwa hiyo lile tumbo linalochemka ni dainamo. Ukiipima sumaku nzima, nguvu yake ni kama mara 20,000 ya ile ya Dunia. Upepo wa jua ukifika pale unasukumwa pembeni mbali sana kabla ya kuigusa sayari, kwenye mpaka ulio umbali wa kati ya kilomita milioni 4 na nusu na milioni 6 na nusu upande wa jua. Mpaka huo unaingia na kutoka kama mbavu za mtu anayehema, kadiri upepo unavyokaza na kulegea. Kama macho yetu yangeona sumaku, yule kijana angeonyeshwa pale juu kitu kikubwa kuliko mwezi mpevu.

Na hapa niseme kwa nini nimeupenda waya wangu wa shaba. Elektroni ikizunguka mahali penye sumaku ya gausi 1 (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku) hutoa wimbi la megahezi 2.8. Hiyo ni hesabu ya kudumu, haibadiliki huko wala huku. Kwa hiyo nikisikia kitu kutoka Mshtarii kwenye 20.1, najua elektroni zinazolia ziko mahali penye gausi 7 hivi. Hapa Kigombe, sumaku ya Dunia ni theluthi moja tu ya gausi. Sauti za Mshtarii hukatika karibu na megahezi 40. Gawa mwenyewe, unapata gausi 14. Nimekaa kwenye ndoo ya rangi na nimepima sumaku ya sayari iliyo mamia ya milioni ya kilomita, kwa waya niliounganisha kwa lehemu mwenyewe. Hata wanasayansi walijua hivyohivyo mwanzoni. Mwaka 1955 Bernard Burke na Kenneth Franklin, huko Maryland, Marekani, walikuwa wanasikiliza megahezi 22.2 shambani wakapata mkwaruzo uliokuja na kupotea, wakadhani ni plagi za gari la mtu anayerudi nyumbani usiku. Lakini gari lile lilikuwa linafuata saa za nyota badala ya saa za watu. Mwisho wakagundua ni Mshtarii. Chombo cha kwanza, Pioneer 10, kilikuja kupita pale Desemba 1973, miaka 18 baadaye.

Turudi kwa Halley. Ile haina sumaku hata chembe. Najua mtu atasema, umejuaje? Kwa Halley hatujatua, lakini kwenye kometi nyingine, 67P, kilitua chombo kidogo Philae tarehe 12 Novemba 2014. Vifaa vya kukishikiza chini havikufanya kazi, kikadunda, kikaelea, kikadunda tena hadi kikaishia kwenye kivuli cha jabali. Watu walihuzunika. Lakini kipimo chake cha sumaku kilikuwa kinafanya kazi muda wote, na kule kudunda kukakipa vipimo kutoka urefu mbalimbali na sehemu mbalimbali, jambo ambalo kutua vizuri kusingelitoa. Jibu likawa safi: kiini cha kometi ile hakina sumaku yake.

Basi Halley isiyo na sumaku, kilomita 15, ilipofikiwa na chombo Giotto tarehe 14 Machi 1986, upepo wa jua ulikutwa umeanza kugonga breki kilomita milioni 1 na laki moja kutoka kwenye kiini. Soma tena namba hizo. Mshtarii inazuia upepo umbali wa kama mara 60 hadi 90 ya nusu upana wake. Halley, kijiwe kichafu cha barafu, inauzuia umbali wa zaidi ya mara 70,000 ya urefu wake.

Inauzuia kwa kuulemea. Fikiria daladala tupu linalokimbia. Sasa kila hatua abiria aliyesimama barabarani anadaka mlango likiwa mwendoni. Kila mmoja analivuta nyuma kidogo. Wakiwa watano hulioni badiliko. Wakiwa elfu, gari linatambaa. Barafu ya kometi ikipata joto la jua inakuwa mvuke, na mvuke hauna chaji, kwa hiyo unasambaa kimyakimya hadi mbali sana bila upepo kuujua. Halafu mwanga mkali wa jua unaivua molekuli elektroni yake moja, na papo hapo ile ioni changa inakuwa abiria: sumaku iliyobebwa na upepo inaikamata, inaizungusha, inaiburuta. Halley siku zile ilikuwa inamwaga tani zisizopungua 15 za maji kila sekunde. Upepo wa jua ukapakia, ukapakia, ukachoka.

Na ule uzi wa sumaku uliokuwa umebebwa? Umenasa. Sehemu iliyo mbele ya kometi imepunguza mwendo, sehemu za pembeni bado zinakimbia. Ukishawahi kuona jarife lililonasa mwambani, mkondo ukilivuta pande zote mbili hadi linakunjwa kama herufi V nyuma ya jiwe, umeshaona mkia wa kometi. Mswidi Hannes Alfvén aliuchora hivyo mwaka 1957, na chombo ICE kilipopita katikati ya mkia wa kometi Giacobini-Zinner tarehe 11 Septemba 1985 kikakuta ndivyo: upande huu sumaku inaelekea kwenye jua, upande wa pili inaelekea kinyume chake. Kwa hiyo kometi inavaa sumaku ya jua. Ya kuazima.

Jambo linalonisisimua kuliko yote katika habari hizi ni kilichopo katikati. Ukiingia ndani ya himaya ya Mshtarii, yaani nafasi yote inayotawaliwa na sumaku yake ndani ya ule mpaka, kadiri unavyokaribia sayari ndivyo sumaku inavyokaza, hadi unafika penye gausi kadhaa. Giotto ilipoingia ndani ya Halley ilikuta sumaku inarundikana, inapanda, inapanda, kisha, kilomita 4,700 hivi kutoka kwenye kiini, ghafla: sufuri. Gesi inayotoka kwenye kiini inasukuma kwa nguvu kiasi kwamba sumaku ya kuazima haiwezi kuingia. Ni tundu tupu katikati ya kila kitu. Chombo Rosetta, kilichokaa na 67P kutoka Agosti 2014 hadi Septemba 2016, kilikuta tundu kama hilo kwa mara ya kwanza tarehe 26 Julai 2015, umbali wa kilomita 170, likakaa dakika 25 likapita. Kisha likaja tena na tena, mamia ya mara. Lile tundu lilikuwa linatikisika, linapanuka na kusinyaa, na Rosetta imesimama tu inapitiwa.

Kufika hapa unaweza kuridhika: sayari kubwa ina sumaku, kometi haina, mlango ufungwe. Vitabu vingi vinafanya hivyo, sayari sura hii, kometi sura ile. Mimi naona ni makosa, na ninayo sababu. Sababu inaitwa Enceladus.

Enceladus ni mwezi wa sayari Zohali, upana wake kilomita 500 hivi, mweupe kama chokaa. Zohali nayo ina himaya yake ya sumaku, iliyonyooka ajabu: mhimili wake wa sumaku umelala juu ya mhimili wake wa kujizungusha bila kupotoka. Chombo Cassini kilipita jirani na Enceladus Februari na Machi 2005. Kipimo cha sumaku kilikuwa chini ya Michele Dougherty, mwanafizikia aliyesomea Chuo Kikuu cha Natal, Afrika Kusini. Yeye na wenzake walitarajia mwezi mdogo, mfu, ambao plazima ya Zohali inaupiga tu. Wakakuta nyuzi za sumaku zimepinda na kujifunika mbele ya ule mwezi. Jarife limenasa. Kwa mtu aliyewahi kutazama vipimo vya kometi, umbo lile halina jina jingine: pale kulikuwa na kitu kinachomwaga gesi.

Wakaomba mpito wa tatu ushushwe karibu zaidi. Kukubaliwa si jambo dogo, kwa sababu njia ya chombo kama kile imeshapangwa kwa miaka. Tarehe 14 Julai 2005 Cassini ikapita kilomita 173 tu juu ya uso, na vyombo vingine navyo vikaona: mvuke wa maji na barafu vinachuruzika kutoka kwenye nyufa za ncha ya kusini. Bahari iliyo chini ya barafu ya Enceladus, ambayo sasa kila mtu anaitaja, mlango wake ulifunguliwa na kipimo cha sumaku kilichoona umbo la kometi mahali ambapo hapakuwa na kometi. Kila nikisoma habari hii naweka chini chombo cha lehemu.

Halafu tazama Mshtarii kwa jicho hilohilo. Mwezi wake Io umejaa volkano. Linda Morabito aliziona kwenye picha za chombo Voyager 1, Machi 1979. Kila sekunde karibu tani moja ya salfa na oksijeni inaondoka Io. Ikivuliwa elektroni, sumaku ya Mshtarii inaidaka, na kwa kuwa sumaku inazunguka pamoja na sayari, inapita pale Io ilipo kwa kasi ya kilomita 74 kwa sekunde huku Io yenyewe ikitembea 17 tu. Abiria na daladala vilevile. Ile plazima imetengeneza duara kuzunguka Mshtarii kwenye njia ya Io, mfano wa kata ambayo mama anaiweka kichwani chini ya ndoo ya maji. Kutoka kwenye kata hiyo inatapakaa nje, inajaza himaya nzima, na kwa kuwa inazungushwa inatupwa pembeni na kuivimbisha himaya ile kupita sumaku peke yake ingeweza.

Kwa hiyo sumaku inashika tu, haijazi. Anayejaza himaya ya Mshtarii ni Io, na anayejaza ya Zohali ni Enceladus, miezi midogo miwili inayofanya kazi ya kometi bila kuondoka nyumbani. Tofauti ni nani mwenye upepo. Kometi inaulemea upepo wa jua. Io inaulemea upepo wa Mshtarii. Ndiyo maana mianga mingi inayowaka kwenye ncha za Mshtarii inapata nguvu yake kwenye kujizungusha kwa sayari, ilhali kometi bila jua haina lolote. Ikienda mbali inazimika kama jiko lililomwagiwa maji.

Uranusi na Neptuni nitazipita haraka, kwa kuwa chombo kimoja tu, Voyager 2, kimefika huko, Januari 1986 na Agosti 1989. Sumaku zao zimepinda ovyo, ya Uranusi nyuzi 59 kutoka kwenye mhimili, ya Neptuni 47, na wala hazipo katikati ya sayari. Uranusi ilionekana karibu tupu, haina plazima ya maana. Mwaka 2024 wataalamu waliorudia vipimo vile waligundua kwamba Voyager ilifika siku upepo wa jua ulikuwa umeibana sana himaya ile, hali inayotokea asilimia 4 tu ya muda. Kwa miaka 38 tuliijua nyumba kwa kuitembelea siku ya tufani.

Pembeni kidogo, kwa ajili ya wenzetu wa Malindi. Mwaka 1996 setilaiti ROSAT iliikuta kometi Hyakutake inatoa eksirei. Barafu, eksirei! Ilikuja kueleweka kwamba ioni nzito za upepo wa jua zinapora elektroni kutoka kwenye mvuke wa kometi, na katika kupora huko eksirei zinatoka. Ncha za Mshtarii nazo zinatoa eksirei kwa wizi uleule, ila waporaji kule ni salfa na oksijeni zilizoanzia kwenye volkano za Io. Na setilaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapo Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya. Ikaitwa Uhuru. Bahari hiihii.

Sasa mikia, maana ndiyo swali. Tarehe 1 Mei 1996 chombo Ulysses kilikuwa kinapima upepo wa jua kama siku zote, na kwa saa chache upepo ukapotea na mahali pake pakaja ioni za ajabu. Hakuna aliyeelewa. Vipimo vikawekwa kabatini. Miaka minne baadaye ndipo watu wakang'amua kwamba Ulysses ilikuwa imekatiza mkia wa Hyakutake, zaidi ya kilomita milioni 500 kutoka kwenye kiini. Nao mkia wa Mshtarii, ule uliochorwa na upepo wa jua ukipita pembeni ya himaya na kuivuta nyuma, Voyager 2 iliukuta mwaka 1981 ikiwa inaikaribia Zohali. Umefika mpaka njia ya Zohali, zaidi ya kilomita milioni 600. Yote miwili hukatika. Aprili 2007 mlipuko wa jua uliung'oa mkia wa kometi Encke mzima, kamera zikiona, na kometi ikaanza kuota mwingine papo hapo. Wa Mshtarii hutupa mafundo ya plazima nyuma, ndiyo njia yake ya kutoa mzigo ambao Io haiachi kuuleta.

Mkia wa kometi unaonekana kwa kuwa umejaa ioni zinazong'aa zikipigwa na jua, zimesongamana karibu na kichwa. Wa Mshtarii ni mwembamba mno, chembe chache katika nafasi kubwa, hauna cha kung'aa. Tena unaelekea upande wa pili wa jua, nyuma ya sayari, na sisi tuko upande wa jua. Hata kama ungewaka, tungekuwa tunautazama kwa kichwa chake.

Wiki ya tatu ya Novemba jedwali langu lilisema Io iko pembeni mwa Mshtarii kama inavyotakiwa, kwa sababu Io ndiyo inayopiga hiyo redio, umeme wa mamilioni ya ampea unapita kutoka kwake hadi kwenye sayari. Nikatoka saa tisa usiku. Mashua ya wale vijana ilikuwa imepandishwa mchangani inakalafatiwa, na yule yule alikuwa amelala mle kulinda vifaa. Saa tisa na dakika arobaini ikaja. Inapanda taratibu, inavuma, inashuka, inatulia, inapanda tena. Nikamwamsha nikampa hedifoni.

Akasikiliza kitambo. "Shangazi, umeelekeza maiki baharini?"

"Hakuna maiki. Ni kule juu."

Akavua sikio moja, akasikiliza mawimbi ya kwetu, akarudisha. Ilidumu dakika kumi na moja. Mara mbili kati yake zikapita sauti fupifupi, kama mtu amerusha konzi ya kokoto juu ya bati.

Nikamweleza mkia wake, namna nilivyowaeleza ninyi. Alipomaliza kuuliza ya Mshtarii akataka kujua kama ile ya moshi nayo inasikika.

Nikamwambia inaimba, 67P ilisikika na Rosetta, lakini si kwa sikio. Ni sumaku inapanda na kushuka, milihezi 40 hivi. Watu waliiharakisha mara 10,000 ndipo ikawa sauti.

"Bila kuiharakisha ikoje?"

Nyundo ya kalafati ilikuwa pale juu ya ubao. Nikamwambia agonge mara moja. Akagonga. Nikahesabu polepole mpaka ishirini na tano, nikamwambia agonge tena.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Endelea."